Kofia ya Dawud

Mchana wa Ijumaa Kuu ya mwaka 1976, Peterson Mathenge alipanda juu ya meza ndani ya ghala la kiwanda cha kahawa, Mukurweini, akaziba dirisha la mwisho kwa gunia. Giza likajaa ghala zima.

"Sasa hata panya hajui ni saa ngapi," akasema Dawud.

Dawud aliendesha gari la sinema kutoka Majengo, mjini Nyeri. Shuka jeupe lilikuwa limeshatundikwa ukutani, na jenereta ilinguruma nje. Peterson, aliyemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na sasa akifundisha historia, ndiye aliyemwomba mchungaji waonyeshe filamu ya mateso ya Yesu, naye angeitafsiri kwa kipaza sauti.

"Mwalimu, kitu moja," Dawud akasema. "Ikifika pale pa viboko, mimi hufunika jicho ya mashine na hii kofia. Wakimaliza, natoa."

"Kwa nini?"

"Nimeonyesha hii sinema kila mahali. Kule Doldol watu waliangalia tu, wakarudi kwa mbuzi zao. Lakini huku kwenu wamama walilia mpaka nikazima mashine. Tangu siku hiyo, ni kofia."

"Leo usifunike. Ni historia, Dawud. Warumi walipiga watu hivyo. Tukificha, tunadanganya."

"Sawa. Pasaka ni yenu, mimi ni dereva." Dawud akavua kofia yake, akaishika mkononi. "Lakini mama yako anakuja?"

"Anakuja."

Dawud akaiweka kofia kando ya mashine.

Peterson hakumwambia yaliyokuwa moyoni. Wakati wa Hali ya Hatari, baba yake, Kingori, alichapwa viboko kwenye lango la kijiji mbele ya watu wote, na hakuiona wiki iliyofuata. Peterson alikuwa bado anabebwa mgongoni. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Mama yake, Warigia, hakuwahi kutamka neno. Kijana huyu alikuwa amejiambia kwamba mama akiona mateso ya mwingine, labda kifua chake kingefunguka. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa upendo, na kwa muda mrefu.

Watu wakaingia, wakajibana kwenye mabenchi. Warigia akakaa mbele pamoja na rafiki yake Kabura. Kabla ya kuanza, Peterson akaeleza kwamba wataalamu wengi wanaamini misumari ilipita kwenye vifundo vya mikono, si viganjani, na kwamba Yesu alikuwa mtu wa nchi ya jua, si mweupe kama watakavyomwona humu.

Yesu alipotokea, mzee Simeon akapaza sauti. "Ngai! Si huyu ni yule D.O. mzungu aliyechukua mbuzi wangu?"

"Nyamaza, mzee, amekuja kumrudisha!" mtu akamjibu, na ghala lote likacheka. Warigia naye alicheka, Peterson akamwona mabega yakitikisika.

Kisha askari wakamfunga Yesu kwenye nguzo, na kicheko kikakatika kama kimefungiwa mlango. Mjeledi wa kwanza ukalia. Peterson akaacha kutafsiri. Hapakuwa na cha kutafsiri. Wa pili ukalia, na mwanga wa shuka ukamwonyesha mama yake akiinama polepole, kichwa kikiingia ndani ya leso.

Hakufikiri. Aliinyakua kofia ya Dawud, akaifunika mashine.

Giza. Lakini mjeledi uliendelea kulia. Bila picha ulikuwa mkubwa zaidi, ukitoka pande zote za ghala, na mtu alikuwa akigumia ndani yake. Mtoto akaanza kulia.

"Ni nani amefunika?" Ilikuwa sauti ya Warigia.

"Ni mimi, Mama."

"Toa."

"Mama, nilidhani..."

"Toa, baba. Nisifunikwe mara ya pili."

Akaitoa. Warigia alikuwa amesimama wima, ameelekeza uso kwenye shuka. Kabura alimshika mkono akilia bila sauti. Dawud, bila kuambiwa, akazungusha kitufe mpaka mjeledi ukanyamaza kabisa. Wakamtazama mtu yule kimya kimya, ghala zima, mpaka askari walipochoka. Ndipo Warigia akakaa.

Filamu ilipokwisha, Peterson alimkuta mama yake nje, ameegemea meza ya kuanikia kahawa.

"Siku ile ya baba yako, wanawake walinirushia shuka kichwani," akasema, kabla hajaulizwa. "Kabura ndiye aliyenishikilia. Walinihurumia. Kwa hiyo sikuona, nilisikia tu. Na mpaka leo ni hiyo sauti ninayosikia, haina uso. Nilikuwa nataka baba yako awe na mtu wa kumtazama."

"Nisamehe, Mama. Nilikuleta makusudi. Nilitaka uniambie habari zake."

"Si ungeuliza?"

"Niliuliza nikiwa darasa la nne. Ukatoka, ukaenda kukama."

"Darasa la nne ulikuwa mtoto. Na ng'ombe alikuwa hajakamwa." Akampangusa vumbi la gunia begani. "Uliza sasa."

Peterson alikuwa na maswali ya miaka mingi: ni nani aliyetoa amri, ilikuwa tarehe gani, ni nani walioshuhudia. Angeyauliza siku nyingine, na yangefaa kuulizwa. Akamtazama mama yake, akasikia swali jingine kabisa likimtoka.

"Alikuwa anacheka namna gani?"

Warigia akashangaa. Kisha macho yake yakapata maji na mng'aro kwa pamoja.

"Vibaya! Alikuwa anaanza kucheka kabla hajafika mwisho wa hadithi. Nasi tunacheka, hatujui tunacheka nini. Hivi."

Akajaribu, ikamshinda, akakohoa. Akavuta pumzi, akajaribu tena, na safari hii kikatoka kicheko kizito cha kifuani, chenye kwikwi katikati. Dawud, aliyekuwa mlangoni akikunja shuka, akageuka haraka kuangalia ni mwanaume gani aliyekuja.