Mama Asishike Jembe

Miaka miwili baada ya uhuru, Cephas alifungua duka Suna, na kazi yake ya kwanza ikawa kumtoa mama yake Ndhiwa, eti akampumzishe. Na nani aliyemwambia kwamba Phelesia amechoka? Mwanamke alikuwa amemaliza kupanda, anapanda kilima na mtungi kichwani, na usiku analala fofofo.

"Watu watasema nini," Cephas alimwambia, "mama yangu akilima na mimi nina duka?"

Watu, watu. Basi akakalishwa barazani, kula na kulala. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akigusa debe la maji, mke wa Cephas huyo mbio kumpokea.

"Cephas, miguu yangu inakufa," alisema. Mwana akacheka, akamwongezea mkate. Mapaja yalilegea hata akaona haya akioga. Mwaka haukuisha, kuinuka tu ikawa mpaka ashikwe mkono.

Mvua ilipokaribia alidai kurudishwa nyumbani. Yeye ndiye mke wa kwanza, na katika boma lao hakuna anayetia mbegu ardhini kabla mke wa kwanza hajachimba mstari wake. Akishindwa, heshima hiyo inamwendea Leonida, mke mwenzake, na haimrudii tena.

Akarudishwa, na asubuhi ya kupanda boma zima lilisimama kando ya shamba. Leonida alikuwa nyuma yao, mzee wa rika lake, lakini kalima kila siku na mikono bado imekaza. Phelesia aliinua jembe. Lilifika kifuani, likamvuta, akaanguka kwa magoti, na magoti yakakataa kumwinua.

"Nyieka, mke mwenzangu, nikushike tuchimbe pamoja," Leonida alisema. Huruma ile ilimuuma kuliko kuanguka.

Cephas alikuja mbio. "Mama, si nilikwambia upumzike tu?"

Alimtazama mwanawe, shati jeupe, machozi ya kweli machoni. Alimpenda, na papo hapo alimchukia.

"Usiniguse. Nilikuja kwako nikitembea," alisema. "Ukanila nguvu zote, na watu wakakusifu."

Kisha akamsukumia Leonida jembe. "Chimba, nyieka."

Leonida akachimba. Wake wa wana wakamfuata na mbegu, wakimzunguka Phelesia pale chini alipokaa.