Walter Blanchard Anapalilia

Jumamosi asubuhi, Leonard Skipwith alifika kwenye kipande chake cha bustani, alichokodi kwa halmashauri, kando ya reli, mjini Grimsby, mkononi ana mkate wa nyama ya nguruwe na mfuko wa viazi vya mbegu. Akamkuta Walter Blanchard ameinama, anapalilia liki, vile vitunguu vya majani marefu. Leonard alikuwa amemuua Walter wiki iliyopita, kwa bastola, nyuma ya karakana ya huyo Walter ya kuchomelea vyuma.

"Liki zako zimebanana," Walter alisema bila kugeuka. "Zitatoka nyembamba kama nyuzi."

"Udongo wenyewe mzito," Leonard akajitetea.

"Usiusingizie udongo, bwana."

Bi Marfleet, jirani wa bustani, alichungulia akasema afadhali Leonard amepata mtu anayejua kazi. Walter alikuwa na tundu kifuani, na upepo wa baharini ukivuma lilipiga mluzi. Nje ya lango hakuweza kutoka. Alijaribu, miguu ikagoma.

Leonard alikuwa ameua watu kwa malipo miaka mingi, na akifika kitandani hulala fofofo. Lakini hakuwa amewahi kusimuliwa habari za mtu aliyekwisha kummaliza. Sasa alizisikia kutwa nzima: jinsi Doreen, mke wa Walter, anavyokosea maneno ya nyimbo kanisani na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ndipo Maurice Thackray, mkandarasi aliyemlipa amuue Walter, akamwita mgahawani. Jukwaa bovu la ujenzi la Thackray liliwahi kuanguka na mafundi wake, Walter akaona, akataka kwenda kusema polisi.

"Yule mjane ana mdomo, Len," Thackray alisema, anakata yai. "Anaulizauliza mumewe aliona nini. Mnyamazishe."

"Kwani mumewe alitaka kusema uongo?"

Thackray akaacha kutafuna. "Tangu lini wewe ukauliza?"

Mchana Leonard alibisha hodi kwa Doreen, bastola mfukoni. Mwenyewe akafungua, mikono imejaa unga.

"Mumeo yuko bustanini kwangu," Leonard akasema. "Mimi ndiye niliyemuua."

Doreen akampiga kofi, unga ukabaki shavuni, kisha akachukua koti.

"Nipeleke."

Walipofika, alisimama mbele ya mumewe akamkagua juu hadi chini.

"Umekonda, Walter."

"Nimekufa, Doreen."

"Hata kama." Akaketi juu ya toroli, akalia. Walter akamkumbatia na matope yake yote.

Leonard akaenda kituo cha polisi, akaweka bastola juu ya meza na kueleza kila kitu. Sajini alikuja bustanini akamsikiliza Walter kwa heshima, kofia mkononi. Akasema ushahidi wa marehemu haupokelewi mahakamani, na kwa kuwa marehemu mwenyewe amesimama hapa na jembe, hata kesi ya mauaji haisimami. Akaondoka na liki mbili. Thackray aliposikia kwamba hakuna kesi, akaona hana sababu tena ya kumnyamazisha mtu. Wacha waseme, alisema, akaendelea kujenga.

Leonard alimwandikisha Doreen ile bustani. Karani wa halmashauri akauliza kama marehemu anakwenda pamoja na shamba. Akajibiwa ndiyo.

Doreen akatia kufuli jipya. Leonard alikuja vivyo hivyo kila asubuhi, akasimama nje ya lango ananyeshewa.

"Sijakusamehe," Doreen alimwambia.

"Najua, mama."

"Na sitakusamehe."

"Najua."

Viazi vilipochipua, Doreen akamfungulia. "Mstari wa mwisho ni wako. Na usinisemeshe."

Leonard akapiga magoti kwenye udongo. Ng'ambo ya reli, jukwaa jipya la mabomba la Thackray lilikuwa limefika orofa ya nne, mafundi wanatembea juu yake. Walter alisimama, akakaza macho.

"Lile bomba la kushoto lina ufa," akasema.

Doreen akamgeukia Leonard. "Nenda wewe. Miguu yako inatoka langoni."

Leonard akavuka reli, akawapigia mafundi kelele washuke. Walimtukana, wakashuka. Saa ileile bomba likakatika, likaangukia mchanga mtupu.

Kesho yake Thackray akawapandisha tena. Walter akakaza macho, na Leonard akavuka.