Redio Alivyofaulu Kipimo cha Masikio

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake wa kugawana naye. Wengine wote walifanya kazi yao: nesi alipima, afisa utumishi aliandika, mke alisubiri nyumbani. Redio peke yake ndiye aliyejifanya mjanja, na ujanja wenyewe aliufanya kwa ustadi mkubwa hata akasifiwa.

Jina la Redio alipewa kiwandani kwa sababu hazimiki. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo, na kwa miaka tisa alikuwa mtu wa mkataba, wa miezi sita sita. Kila ukiisha, alikwenda kwenye dirisha la ofisi ya utumishi akasaini amesimama, karatasi kaibandika ukutani, wenzake wa nyuma wakimsukuma na kumwambia afanye haraka, kwani yeye waziri? Wa ajira ya kudumu walikuwa wanaitwa ndani. Wao walisaini wamekaa. Kiti chenyewe kilikuwa kimechanika hadi sponji inachungulia, na mguu mmoja umefungwa kwa waya, lakini Redio alikitamani kile kiti kama mtu anavyotamani nyumba ya ghorofa.

Mwaka huo zikatoka nafasi nne za kudumu kwa mafundi, na yeye akawamo. Sharti lilikuwa kupimwa afya, masikio yakiwemo. Na afisa utumishi, mama mmoja mfupi asiyecheka hata na mwenye kiwanda, aliwakusanya akawaambia mapema: "Atakayedanganya kwenye kipimo, namfuta. Hata mkataba hapa asahau."

Redio alitoka pale akijigusa masikio.

Ukumbi wa kufumia una mashine mia mbili, na zote zinagonga kwa pamoja tangu asubuhi. Mle ndani watu hawaongei kwa sauti, wanaongea kwa midomo. Ukikaa mwaka unajua kusoma midomo, ukikaa mitano unasoma sura nzima. Mtu wa miaka tisa anaweza kumwangalia msimamizi kutoka upande wa pili wa ukumbi akajua anatukanwa kwa kosa gani. Humo watu wametaniana, wamesengenyana, na fundi mmoja alimposa mkewe bila kutoa sauti hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba anayesikia kwa macho hajui masikio yalimuaga lini. Redio alikuwa ameshaanza kushuku. Simu ikiita alimpa mkewe apokee, akisingizia mikono yake ina grisi. Alisingizia grisi hata siku za mapumziko, katoka kuoga.

Siku ya kipimo akaketishwa kwenye kibanda chenye dirisha la kioo, akavishwa vidude vya masikioni, akapewa kitufe. "Ukisikia mlio, bonyeza," nesi akasema, akaenda kukaa upande wa pili wa kioo.

Mlio wa kwanza aliusikia. Wa pili akausikia kwa mbali, kama mbu wa chumba cha jirani. Kisha kukawa kimya. Kimya kirefu, kizito. Redio akainua macho akamwona nesi ameinamia mashine yake, na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa karibu naye. Kila nesi alipotoa mlio, ncha ya mdomo wake wa chini ilijikunja kidogo, kidogo sana, kama mtu anayejizuia kutabasamu. Mwingine asingeona kitu. Kwa mtu wa ukumbi wa kufumia ilikuwa sawa na kupigiwa kengele ya shule. Mdomo ukijikunja, Redio anabonyeza. Akabonyeza mpaka mwisho.

"Haya ni masikio ya sungura," nesi akamwambia, akigonga muhuri. "Miaka tisa mle ndani? Kaka, umebarikiwa."

Redio akatoka akitembea kama bwana harusi. Furaha ilimtosha mpaka kwenye mlango wa afisa utumishi tu.

Pale benchini alimkuta Mkasi, fundi mwenzake, mwembamba wa mwili na mkali wa maneno, ambaye yeye alikwenda kupimwa akapimika. Alisikia milio michache, mingine hakuisikia, akasema hivyo hivyo. "Nimeanguka," Mkasi akamwambia kwa midomo, kwa mazoea, ingawa ofisi ilikuwa kimya. "Wamenipeleka karakana ya vipuri. Ajira ileile ya kudumu, mshahara uleule. Daktari kasema masikio yaliyobaki yalindwe. Nitakuwa nanoa vyuma kwenye chumba kinachosikika saa ya ukutani. Wewe je?"

Redio akaitwa ndani. Akaonyeshwa kile kiti, akakaa. Afisa akafungua faili, kwa mara ya kwanza akamwangalia kwa upole. "Masikio kama haya ndiyo tunayataka ukumbi mpya," akasema. "Mashine mia nne. Soma barua yako nyumbani, ulete sahihi Jumatatu asubuhi."

Ukumbi mpya. Wanaotoka mle walikuwa wanaongea kama wanaomwita mtu ng'ambo ya mto.

Jumamosi mchana kikao kikakaa sebuleni. Alikuwepo mkewe, fundi cherehani, suruali ya mtu mapajani na sindano mdomoni. Alikuwepo shemeji, kaka wa mke, aliyekuja na karatasi yake mwenyewe: alikuwa anakusanya mafundi wa kwenda kufunga mashine kwenye kiwanda kingine, mkataba wa miaka miwili, malipo mazuri, na hapimwi mtu hata joto. Na dirishani, kwenye kiti chake cha siku zote, alikuwepo mama yake Redio. Kiharusi kilikuwa kimempitia mwaka uliotangulia, kikamvuta mdomo upande mmoja na kumwachia sauti ndogo. Redio alijua kwamba Mama siku hizi anamung'unya tu, labda dua zake. Kila jioni alimwamkia, akamsimulia habari za kiwanda mwanzo hadi mwisho, akamwitikia kila midomo yake iliposogea, na wala hakumkosea adabu hata siku moja.

Redio akawaeleza yote. Alipofika kwenye mdomo wa nesi, shemeji akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, wewe ni hatari! Umefaulu kwa kumwangalia mwanamke mdomo!"

"Cheka," mke akasema, akatoa sindano mdomoni. "Ukimaliza uniambie cha kuchekesha ni kipi. Baba watoto, Jumatatu nenda kwa yule mama, mwambie ukweli, wakupime upya."

"Anifute kazi?"

"Akufute."

"Unasikia anavyosema akufute, kama anafuta meza," shemeji akadakia. "Dada, mtu ana watoto watatu! Saini yangu hii, shemeji. Miaka miwili tu, unapumua, ndiyo utafute hayo ya kudumu."

"Kufunga mashine na kuzijaribu ni kelele zilezile," mke akasema. "Miaka miwili, halafu masikio utayanunulia wapi?"

"Masikio yangu mnayazidishia," Redio akasema. Alikuwa amezishika karatasi zote mbili, moja kila mkono. Miaka tisa alisaini amesimama. Kiti alikuwa amekikalia kwa dakika tano tu. Akimwambia yule mama ukweli, atakosa kiti na dirisha pia. Asipomwambia, ataingia mashine mia nne na masikio ya kuazima. "Sawa, kwenye simu kuna matatizo kidogo. Lakini watu nawasikia. Hapa si tunaongea?"

Mke akaiweka suruali kando. Alisimama, akaenda akasimama nyuma ya mumewe kabisa, asipoweza kuonekana. Shemeji akamwona dada yake akifungua mdomo, akamwona shemeji yake akiendelea kungoja jibu, ameangalia mbele, uso wa mtu mwenye uhakika. Kicheko kikamtoka shemeji usoni. Akaichukua karatasi yake polepole kutoka mkononi mwa Redio, akaiweka mezani, akaifunika kwa kofia.

"Nini?" Redio akauliza.

"Nimekuita mara mbili," mke akasema aliporudi mbele yake. "Kwa jina lako la nyumbani."

Redio akatafuta pa kuegemea, akapata dirisha, na mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kumpinga mbele za watu. Akapiga magoti kando ya kiti.

"Mama, hawa wanasema mimi ni kiziwi. Waambie wewe. Kila jioni si tunakaa hapa tunaongea? Mimi si nakusikia wewe vizuri tu?"

Midomo ya mama yake ikasogea. Redio akaikazia macho, lakini ule upande uliovutwa uliharibu kila neno, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuweza kusoma kitu usoni mwa mtu.

"Acha macho," mke akamwambia. "Inama. Weka sikio."

Akainama mpaka nywele zake zikagusa shavu la mama yake. Sauti ikamfikia nyembamba, lakini maneno yalikuwa yamenyooka, na nyuma yake kulikuwa na hasira ya mwaka mzima.

"Hata huu ukuta hausikii, mwanangu. Lakini ukuta haujaniitikia 'ndiyo, Mama' hata siku moja nikiwa naomba maji."