Dadu Iliyokataa Kushuka

Jumamosi mchana Mama Eugénie alipangusa unga wa mandazi mezani, akapanga mawe ya volkano yawe milima, na wazazi wenzake wakaleta askari wao wa mti, warefu kama kidole. Nyumba yake ya mbao pale Katindo imekaa juu ya mawe, sakafu imepinda, na dadu hazilali sawasawa hata siku moja. Ndiyo maana alifanywa mwamuzi. Dadu ikiegama, aliweka nyingine juu yake. Ikikaa, namba inahesabiwa. Ikiteleza, inatupwa tena. Hakumpendelea mtu.

Kila askari alichongwa kwa sura ya mtoto aliye vitani, na akitolewa mezani, ametoka na kule. Mnadhani mtu alishangaa? Thubutu! Walicheza kwa sababu asiyecheza, mtoto wake huchezewa na watu asiowajua.

Mwezi uliotangulia dadu ya mzazi mwenzao, Paul, iliegama mguuni pa Prodige, askari wa Muzee Anastase. Mama Eugénie akaweka nyingine juu, ikakaa.

"Inahesabiwa, muzee," alisema, akammiminia chai.

Jumatatu simu ikalia kwa Anastase, na matanga yakaanza bila mwili.

Jumamosi hiyo aliyeshambuliwa alikuwa Moïse, kitinda mimba wa Mama Eugénie mwenyewe, na pengo lake la mbele limechongwa vilevile. Tano au sita, anaondoka. Dadu ikaegama kwenye jiwe, inaonyesha tano. Mama Eugénie akaweka nyingine juu. Ikakaa, imetulia tuli.

"Inatupwa tena," alisema.

Wenzake wakatazama vikombe vyao. Paul akairusha dadu, na haikushuka. Ilibaki hewani, chini ya bati la paa, ikizunguka polepole. Walingoja mpaka chai ikapoa.

"Mama, isiposhuka iko na namba?" Paul akauliza.

"Haina."

"Basi Moïse hajatoka."

"Hajatoka."

Tangu hapo wateja wa mandazi huinamisha vichwa wakipita chini ya dadu hiyo. Simu ya Moïse haipatikani, ila hakuna aliyepiga kuleta habari mbaya. Mama Eugénie humpakulia sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila jioni, na kila asubuhi huwamwagia kuku.

Juzi Anastase alikuja, kofia mkononi.

"Mama, ile ya Prodige ilikaa, ukasema inahesabiwa."

"Ndiyo, muzee."

"Na ile ya Moïse?"

Uongo ulimfika mdomoni, akaumeza.

"Ilikaa pia."

"Sasa ya kwangu, juu ya nini haukusemaka batupe tena?"

Mama Eugénie alilia kwa aibu, maana jibu alikuwa nalo na halikusemeka. Anastase hakugombana. Alivuta kiti, akaketi chini ya dadu.

"Moïse akirudi," alisema, "umuulize ni wapi balimuzika Prodige."

"Nitamuuliza, muzee," alisema, akammiminia chai.