Sahani ya Stempu

Kochi lilianza kutikisika tena, na fundi alijua bila kuinama kwamba si mbao zilizolegea. Alikuwa amebana misumari midogo midomoni, nyundo mkono wa kulia, kitambaa amekivuta kwa mkono wa kushoto mpaka vidole vinamuuma. Chini ya kochi mbwa alikuwa akijikuna, na kila alipojikuna mguu wake wa nyuma uligonga fremu, ko ko ko, kama mgeni mlangoni asiyejua kuchoka.

"Stempu, basi," alisema, misumari ikimchezea midomoni.

Mbwa akaacha kujikuna, akaanza kulamba nyayo. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mlio ule wa ulimi, wa majimaji, usiokoma, ulimwingia fundi kichwani na kukaa humo hata alipokwenda kulala.

Mtaani walimwita binti huyo Sponji, kwa vile nywele zake hazikukosa chembe za sponji. Alitengeneza makochi kibarazani kwa baba yake. Watu walimletea viti vilivyobonyea na kupasuka, na yeye aliwarudishia vitu vya kukalisha wageni. Baba yake alikuwa tarishi wa posta enzi za nguvu zake. Mbwa wa mji mzima walimfukuza, na shavu la mguu wake lilikuwa na makovu ya kuwathibitishia wabishi. Sasa alikuwa amestaafu, lakini kichwa chake hakikupata habari hizo. Kila asubuhi alivaa koti lake la kazi, akatundika mkoba mtupu begani, akatoka kwenda kugawa barua.

Kwenda hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kurudi.

Na hapo ndipo Stempu alipokuwa mtu muhimu nyumbani. Alikuwa mbwa wa kahawia mwenye baka jeupe la mraba begani. Alikuja getini mwenyewe akiwa mdogo, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena, mwisho waliochoka wakawa wenye nyumba. Mzee alipotoka, Stempu alitoka naye. Mzee alipopotea, Stempu alimwegemea gotini na kumgeuza taratibu, kama mtu anayegeuza mkokoteni, mpaka wakafika. Majirani walicheka: "Mbwa wamemkimbiza ujana wake wote, leo mbwa ndiye anamleta nyumbani." Sponji naye alicheka, akapigilia misumari yake kwa amani.

Sasa nyayo za mbwa zilikuwa zimechubuka, nyekundu katikati ya vidole, na tumbo limenyonyoka manyoya. Hakutaka kukanyaga chini. Asubuhi moja Sponji aliinua kichwa kutoka kwenye kazi akaona koti halipo msumarini, mkoba haupo, geti wazi. Stempu alikuwa bado amelala pale pale chini ya kochi, akimtazama kwa macho ya mtu aliyekosa.

Alikimbia na aproni yake, misumari ikilia mfukoni. Aliuliza kwa kinyozi, aliuliza kituo cha mafuta, aliuliza hata watoto waliokuwa wakicheza mpira. Jua lilikuwa limeshapinda alipomkuta nyuma ya soko, ameketi juu ya kreti la soda, kiatu kimoja hana. Alikuwa akimweleza mpita njia, kwa adabu zake zote za posta, kwamba anatafuta nyumba ya yule binti anayegongagonga.

"Ni mimi, baba," Sponji alisema.

Mzee alimtazama mikono kwanza, kisha uso. "Ndiyo," alisema. "Mbona umechelewa?"

Kesho yake alimfungia geti baba yake, akambeba mbwa mikononi kama mtoto, akaenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya uchovu na mikono isiyo na haraka. Alimgeuza Stempu, akamtazama masikio, akatenganisha vidole vyake. "Anakula nini?"

"Tunachokula sisi. Mkate. Uji. Wali ukibaki."

"Siwezi kukuahidi kitu, dada," daktari alisema. "Lakini kuna mbwa ambao miili yao haipatani na nafaka, na huyu anaweza kuwa mmoja wao. Njia ya kujua ni kumwondolea zote. Mahindi, ngano, mchele, mtama, hata pumba. Mpe muda, na asionje hata chembe. Dawa ya kupaka nakupa, ila ukipaka huku unamlisha kile kile, utakuwa unachota maji kwa pakacha."

"Kwa hiyo ale nini?"

Daktari akaelekeza kidevu kwenye rafu. Palikuwa na gunia zuri lenye picha ya mbwa anayeng'aa kama kiatu cha harusi. Sponji aliuliza bei, akaambiwa, akacheka kabla hajajizuia. Kwa pesa hizo angeshona kochi la watu watatu na sponji mpya ndani.

"Si lazima hilo," daktari alisema, naye akitabasamu. "Nyama ya bei nafuu, mayai, viazi. Pika bila chumvi wala kitunguu. Yakiwa yanapatikana."

Yakiwa yanapatikana. Maneno hayo yalimfanya Sponji kuwa kiguu na njia. Asubuhi alipiga misumari, mchana alizunguka, jioni alipiga misumari mpaka majirani wakagonga ukuta. Kwenye duka la vyakula vya mifugo alifungua magunia ya rahisi, akachota kiganjani, akanusa: pumba. La pili: mahindi. La tatu muuzaji aliapa halina nafaka, ni "mchanganyiko tu". Sponji akamwonyesha ganda la ngano lililonata kidoleni, muuzaji akakumbuka kwamba ana mteja mwingine. Samaki wadogo wakavu walikuwa na chumvi ya kuua. Vichwa vya samaki wabichi alivichemsha, akakaa kibarazani akichambua miiba mpaka mteja wa kochi alipokuja akaondoka na harufu badala ya kochi.

Kila alipotoka alifunga geti, na kila alipofunga geti aliusikia mkono wa baba yake ukilijaribu komeo kwa ndani. Si kwa fujo. Alilijaribu polepole, kama mtu anayedhani amekosea nyumba.

Muuza nyama alikuwa bonge la mtu mwenye duka dogo, na siku nzima alikalia kiti kirefu kilichotumbuka.

"Mapafu yapo?" Sponji aliuliza.

"Yapo, ila yana mwenyewe."

"Nani?"

"Yeyote mwenye bei kubwa kuliko yako, dada yangu. Umenichosha na kuuliza bei."

Mkono mtupu haulambwi. Sponji alisimama pale akimwangalia jinsi anavyojiinua kila mara upande mmoja kukwepa kitu. "Hicho kiti unakikaliaje?"

"Nakikalia? Kinanikalia mimi."

"Nipe mpaka kesho."

Alikichukua kichwani. Alikivua ngozi yote, akang'oa misumari yenye kutu, akafunga mikanda mipya kwa kuikaza kwa goti, akaweka sponji ngumu chini na laini juu, kwa sababu mtu mzito ukimpa laini tupu ni kama hujampa kitu. Muuza nyama alipokikalia alijisogeza kushoto, kisha kulia. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa, "Kumbe nina mgongo." Tangu siku hiyo mapafu yalimsubiri Sponji ndani ya mfuko, pamoja na vipande vya pembeni ambavyo wateja wa kawaida walivikunjia pua.

Mwenye duka la mayai alimpunguzia yale yaliyopata ufa wakati wa kupakua. Sokoni akina mama walimwuzia viazi vitamu vilivyokatwa na jembe wakati wa kuchimba, vile visivyopendeza kupangwa juu ya fungu. Sufuria moja ikapikwa, ikapoa, ikagawanywa. Stempu alikula, akalamba sahani, akaisukuma kwa pua kibaraza kizima akitafuta kama kuna kingine chini yake.

Vidonda vikaanza kukauka. Ko ko ko ikapungua mpaka Sponji akajikuta anasimamisha nyundo ili aisikilize, na haikuwepo. Manyoya yakaota tumboni, laini kama ya mtoto. Sponji naye akaacha kuota usiku kwamba geti limeachwa wazi.

Halafu ikarudi.

Ilirudi kwa ghafla, nyayo nyekundu, ulimi usiku kucha. Sponji alikwenda kwa muuza nyama na sufuria yenyewe mkononi. "Umenichanganyia nini?"

"Mapafu ni mapafu, dada. Nitayachanganya na nini, saruji?"

Alirudi kwa daktari, akaulizwa kitu kimoja tu: una hakika haonji kitu kingine? Akajibu kwa ukali kwamba ana hakika. Kaka yake, aliyehamia mbali na ambaye mapenzi yake yote yalipitia kwenye simu, alimwambia amalize habari. "Mtafutie mtu amchukue huyo mbwa. Na mzee mfungie ndani. Unajiua bure."

Sponji alikata simu akaenda kuchukua sahani mezani, na mlangoni akasimama.

Baba yake alikuwa ameketi mbele ya mkate wake wa asubuhi. Alikuwa ameumega vipande viwili, na sasa alikuwa akivipima, kimoja kila kiganja, kwa makini ya mtu aliyezoea mizani ya vifurushi. Kipande kikubwa akakipeleka chini ya meza. Palisikika mdomo ukifunga kwa heshima.

"Baba!"

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Mzee alishtuka, kikombe kikapinduka. Stempu akajikunyata. Na mzee alipogeuka, macho yake yalimpita binti yake kama anamtazama karani wa dirishani asiyemjua.

"Samahani, mama," alisema. "Sikujua kama hairuhusiwi. Ni kwamba naye hajala."

Sponji aliokota kikombe. Alifuta chai kwa aproni, akafuta tena pale palipokuwa pamekauka. "Inaruhusiwa," alisema mwisho.

Alijaribu kuwatenga. Alimweka mbwa nje wakati wa kula, na mzee akakaa mbele ya sahani, mikono mapajani. Hakula. Sponji alimbembeleza, akamlisha kwa mkono, mzee akageuza uso kwa adabu. "Tumsubiri mwenzetu," alisema. Wakamsubiri mwenzao mpaka chakula kikapoa. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na koti la posta likaanza kumpwaya mabegani.

Sponji alizunguka jikoni. Alifungua kabati akalifunga, akalifungua. Alishika mkebe wa unga kama mtu anayeshika mtoto wa jirani asiyejua amrudishe lini. Halafu akaubeba pamoja na mchele, mkate, na pakiti ya biskuti aliyokuwa akijificha nayo, akavipeleka vyote nyumba ya pili kwa mama mwenye watoto wengi.

"Mnahama?" mama huyo aliuliza.

"Tunabadilisha chakula."

"Daktari kakwambia?"

"Daktari kamwambia mbwa."

Mchana ule sufuria ilikuwa moja. Viazi vitamu, mayai, boga, na nyama ya pembeni iliyokatwa ndogo. Chumvi ya watu ikatiwa baadaye, punje chache tu, juu ya sahani. Mzee alikula. Alimega kiazi katikati, akakipima, akapeleka kipande kikubwa chini ya meza huku akimwangalia Sponji kwa pembe ya jicho, kama mtoto wa shule. Sponji akajifanya anatazama dirishani.

Haikuwa rahisi. Asubuhi Sponji alijikuta akifungua kabati tupu kutafuta mkate, na harufu ya tanuri la mkate mtaa wa pili ilimfuata mpaka ndani ya sponji. Kaka yake alipopiga simu na kuhadithiwa, alicheka kwa mshangao. "Yaani mbwa ndiye anapanga nyumba hiyo inakula nini?"

"Ndiye. Wewe njoo umpange baba."

"Nitatuma kitu," kaka alisema kwa sauti ndogo. Hakusema lini, na Sponji hakumwuliza.

Vidonda vikakauka mara ya pili, polepole zaidi kuliko mara ya kwanza. Sponji hakuthubutu kufurahi. Alimkagua Stempu nyayo asubuhi na jioni, akitenganisha vidole kama alivyoona daktari akifanya, akitafuta wekundu, karibu akitamani kuuona ili wasiwasi uwe na kazi.

Siku moja, akiwa amekaza kitambaa juu ya mkono wa kochi, aliona kivuli kikipita. Mzee alikuwa amevaa koti. Stempu alikuwa tayari getini, miguu minne yote chini, mkia ukifagia vumbi. Mzee alishika komeo. Akasubiri.

Sponji alitema misumari kiganjani. Angeweza kusema geti ni bovu. Angeweza kusema leo ni sikukuu, posta imefungwa. Aliinuka, akalifungua komeo, akarudi kwenye kochi lake, akaweka msumari, akaupiga, ukapinda. Akaupiga mwingine. Ukapinda.

Aliwafuata kwa mbali akijibanza ukutani. Walipofika kona ya kinyozi mzee alisimama mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani, na mwanamke aliyekuwa akianika nguo akageuka.

"Leo hamna kitu chetu?" mwanamke aliuliza, bila kucheka.

Mzee alitia mkono mkobani, akapekua muda mrefu. "Bado, mama. Labda kesho."

"Haya. Kesho."

Mzee akabaki amesimama, akitazama upande mmoja wa barabara, halafu wa pili. Stempu naye alisimama. Sponji, nyuma ya ukuta, alikuwa ameshainua mguu mmoja kwenda, nyundo bado i mkononi, na mbwa alikuwa ameinua kichwa kumtazama mzee, hajamwegemea gotini bado, anangoja aone kama atakumbuka njia mwenyewe.