Waume Watatu wa Nkambo Virginie

Kila alasiri, jua lilipofika kizingitini, mtu yule alikuja akaketi mlangoni kwa nkambo Virginie. Hakubisha hodi, hakukohoa. Alikaa chini akiipa nyumba mgongo, mgongo mpana wa mtu mzima, akatulia hadi kivuli cha ukuta kimfikie. Virginie alimwona kutoka kitandani. Hakuna mwingine aliyemwona, ila kuku wa uani, waliozoea kuingia na kutoka wapendavyo, sasa walizungukia mlango wa nyuma.

"Gauthier, mume wangu," alimwita mjukuu wake, kama nkambo wanavyowatania wajukuu wa kiume, "yule pale ni bwana yangu mumoja. Sijue ni nani. Hageuke."

"Nkambo, pale hakuna muntu."

"Weye kule Kasapa unasomea sheria. Haukusomea macho."

Gauthier alikuwa kijana wa moto. Pale chuoni Kasapa hakuna aliyekuwa hajaambiwa kwamba yeye ni damu ya sultani. Haikuwa uongo. Virginie alizaliwa na sultani mmoja wa upande wa Kasenga. Ila mama yake hakuolewa, na mtoto akabaki mtoto wa nje. Sultani hakumlea. Alimkumbuka alipokuwa na haja. Alipotaka rafiki kwenye reli, wajumbe walikuja wakamchukua msichana, wakampa Alphonse, fundi wa reli. Alphonse akafa. Sultani akataka rafiki kwenye barabara ya biashara, wajumbe wakarudi, wakampa Mukuka wa Kasomeno. Mukuka naye akafa. Wa tatu, Jean-Claude, Virginie alimchagua mwenyewe, sultani akiwa tayari kaburini. Huyo ndiye babu yake Gauthier.

Kwa watu wa Virginie, mume akifa, ndugu zake humfunga mjane ushanga mweupe mkononi. Ukifungwa, marehemu amemwachilia. Usipofungwa, mjane ni mke wake bado, hata akiolewa mara kumi. Ushanga wa Jean-Claude, Gauthier aliuona ukifungwa kwa macho yake. Zile shanga nyingine mbili, Virginie hakuzikumbuka.

"Siku zile nililia mpaka sikujua mukono yangu iko wapi," alisema. "Kama kuko mumoja hakuniachilia, nikikufa ananibeba. Nitamupikia bukari, ugali yake, siku zote, muntu hata sura yake siione. Tafuta, mutoto yangu. Nisikufe vile."

Hilo ndilo lililomwingiza Gauthier njiani.

Alianzia pale pale mjini, mtaa uitwao Kenya, kwa ndugu za Alphonse, Wakatoliki waliotoka kaskazini na reli. Alimkuta Régine, binti wa kaka yake Alphonse, mama aliyepita makamo, akichambua maharage.

"Mimi ni mjukuu wa Virginie, binti ya sultani," Gauthier alijitambulisha, kifua mbele.

"Binti ya sultani alifua nguo zetu hapa hapa. Kaa."

Alipoulizwa habari za ushanga, Régine alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Padri alikataza. Baba yangu akaitika, 'Ndiyo, mon père.' Padri akapanda kinga, ile baisikeli yake, akakata kona, akapotea. Baba akafunga mulango, akafunga na ushanga. Ni mimi nilishika beseni ya maji."

"Una hakika, tantine?"

"Alphonse alikuwa na wivu ya kuchoma nyumba! Kama hakumuachilia, babu yako angemaliza juma moja akiwa hai?"

Basi ni Mukuka. Gauthier alipanda lori la mahindi hadi Kasomeno, akafika amekuwa mwekundu kwa vumbi. Nyumba ya Mukuka sasa ilikuwa ya Sylvain, mpwa wake, aliyeishi humo na mkewe Bénie.

"Eh, damu ya sultani!" Sylvain alimpokea, Gauthier alipojitambulisha. "Na vumbi mpaka kwenye nyusi! Sultani hakukuachia hata mwavuli?"

Lakini aliposikia shida yenyewe, uso ulimbadilika. "Mujomba wangu? Tulimufunga Virginie ushanga mbele ya bantu bote. Unatuona siye bantu ba ovyo?"

"Basi kuna anayesema uongo!" Gauthier akapiga meza. "Nkambo yangu anakufa na hofu, na ninyi wote mikono safi!"

Sylvain alifungua mdomo amjibu, kisha akaufunga. Akafunga na vifungo vya shati. Uani alikuwa ameingia mzee mmoja, kimya, bila hodi. Mzee alikuja hadi karibu na kizingiti, akaketi chini, akaipa nyumba mgongo.

"Mukwe wangu," Sylvain alinong'ona. "Baba yake Bénie."

"Mbona haingii?"

"Aingie mu nyumba ya binti yake, aone kitanda? Weye, muji imekuharibu! Atakaa vile mpaka binti atoke amusalimu. Ni bwana ndiye anaingia, anauliza bukari iko wapi."

Gauthier aliutazama ule mgongo mpana, uliotulia juani, akamkumbuka yule wa mlangoni kwa nkambo. Waume walikuwa wamekwenda zao zamani. Na Virginie, aliyekaa katika nyumba za waume aliopewa pasipo baba kumtembelea hata mara moja, angeutambuaje mgongo ule?

Aliporudi alimweleza nkambo yote, hata ya yule mzee wa uani. Virginie aliyaelekeza macho mlangoni.

"Amekuja," alisema. "Leo ndiyo amekuja. Nibebe, unitoe."

Gauthier alimbeba nje.

"Si hapo. Unamukanyaga."

Akamsogeza pembeni, akamkalisha kwenye mkeka. Virginie akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa.

"Baba," alisema, na neno lilimtoka kwa shida. "Nimetoka, nakusalimu. Alphonse aliniachilia. Mukuka aliniachilia. Jean-Claude pia. Ni weye tu umebaki. Sawa. Nitakufuata, kama utanijibu neno moja. Mama yangu, jina yake nani?"

Walingoja. Kivuli cha ukuta kikatambaa ardhini. Gauthier, aliyelitangaza jina la sultani Kasapa nzima, alijikuta akiomba moyoni: sema, mzee. Sema tu. Hakuna kilichosikika ila redio ya jirani.

"Musonda," Virginie akasema mwishowe, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Alikufa anakungoja. Gauthier, unirudishe ndani. Na ufunge mulango."

"Na yeye, nkambo?"

"Mukwe haingie. Ni weye ulikuja na habari hiyo."

Alipolazwa, Virginie aligeukia ukutani, akaupa mlango mgongo. Kabla mjukuu hajamfunika vizuri, alikuwa amelala, pumzi ndefu, shwari.

Gauthier alikwenda kuusukuma mlango. Ukaenda, ukabakiza upana wa kiganja, ukakwama: haukukwama kwenye jiwe wala ubao, ulikwama kwenye kitu laini, chenye uzito, kinachopumua. Alichungulia pale penye upenyo. Hapakuwa na mtu. Akaweka bega, akasukuma, naye wa nje akaegemea, damu kwa damu, mpaka mlango ukafunga na komeo likashika.