Korongo Walipohamia Nyuma ya Bucha

Wewe mama unayetuma mtoto bucha, soma hii kabla hujawasha jiko.

Hapa Kitengela korongo hulala kwenye migunga ya kule kichinjio. Ni wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni. Jua likianza kushuka wanakuja kutoka kila upande, wanazunguka juu kimya, halafu wanashuka wakisukumana kwa matawi kama watu waliochelewa kanisa. Mimi huwaangalia nikianua nguo. Sikuwa na shida nao.

Wiki iliyopita wakapita kichinjio bila kushuka. Walikuja mpaka huku kwetu, wakajaza miti iliyo nyuma ya bucha ya Kahiga mpaka matawi yakainama. Kesho yake wakarudi hapo hapo, wengi zaidi.

"Baba Purity, hawa ndege wamefuata nini huku?" nikamuuliza mume wangu.

"Wamefuata nyumba za bei rahisi," Gakuru akasema, akacheka peke yake. "Wewe siku moja utashuku hata kuku wako."

Lakini nyama ikitoka kichinjio inaletwa bucha ikiwa safi. Samadi ya tumboni na takataka yote inabaki huko. Sasa nyuma ya bucha korongo wanakula nini?

Jioni hiyo Purity akaja na nusu kilo. Shule ilikuwa imefungwa, amekula githeri, mahindi na maharagwe, muhula mzima, na nilikuwa nimemwahidi nyama. Alikuwa anaimba akikata kitunguu. Nikafungua karatasi. Damu ilikuwa nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi, haijaganda hata kidogo.

"Usiguse hii. Na uoshe mikono na sabuni."

"Aki mum! Hata nyama umeishuku?"

Nikaibeba mpaka bucha. Kahiga alikuwa amefunga kitambaa mkononi.

"Muhuri iko wapi?" nikamuuliza.

"Si hiyo hapo, mama, ama macho imezeeka?" Akanionyesha paja lililoning'inia dirishani. Kweli, muhuri wa mkaguzi ulikuwepo, ile rangi ya zambarau. Lakini lile paja nalijua. Lilikuwa hapo Jumapili tukitoka kanisa, na kamba ile ile nyekundu. Pembeni lilikuwa limekauka kama ngozi ya kiatu.

"Basi nikatie hapo."

"Hiyo ni ya mteja."

"Mteja gani huyo hachukui nyama yake?"

Wanaume waliokuwa wakingoja mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama na damu, wakacheka. Kahiga hakucheka. Akaanza kupanguza meza iliyokuwa safi tayari.

Naisenya, jirani yangu ambaye bwana yake anafuga ng'ombe, alikuwa amekuja kutafuta mifupa ya kulisha mbwa wake. Alikuwa anaangalia ule mkono.

"Kahiga, toa kitambaa."

"Ni jipu tu, mama. Hata haliumi."

"Kwa sababu haliumi, toa."

Akafungua polepole. Kidonda kilikuwa cheusi katikati kama makaa, na mkono umevimba kukizunguka. Naisenya akarudi nyuma.

"Ulichinja ng'ombe wa nani hapo nyuma?"

Kahiga akakaa kwa kreti ya soda. "Niliambiwa amevunjika mguu."

"Ulimkuta akipumua?"

Akaanza kujifunga tena kile kitambaa.

"Hiyo ni kimeta, ule ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla," Naisenya akasema. "Sisi tulizika shemeji yangu kwa ugonjwa huo. Enda hospitali saa hii, usingoje kesho."

Wanaume wa mutura wakasogea mbali na meza. Mmoja akatoka nje, akatema.

Nyama nikamwachia mezani. Nikamchukua Purity nyumbani hadi kliniki, kwa maana ile damu ilikuwa imepenya karatasi ikamlowesha mikono, na kidole chake kilikuwa na mkato wa kisu. Daktari akampa vidonge, akasema tumefika mapema. Gakuru, aliyekula choma kwa Kahiga Jumatatu, alitukuta kwa foleni amevaa patipati miguuni, moja yangu moja yake. Hakuwa na mzaha.

Kahiga amelazwa, bado yuko hai, na bucha imefungwa. Korongo nao wamerudi kichinjio.

Kwa hivyo, mama mwenzangu, usidanganywe na muhuri wa dirishani. Mwambie akate pale pale ulipogongwa. Akianza hadithi ya mteja, toka. Na ukianua nguo jioni, angalia wale ndege wanashukia kwa nani.

Purity bado anangoja nyama yake. Ataingoja.